Kijana Akishikwa na Ulevi: Somo kwa Wazazi wa Milimani na wa Ziwani

Msimu wa kahawa unapoingia huko Mbinga, matunda huwa mekundu mashambani na vijana huamka alfajiri kwenda kuchuma. Jioni hupimiwa madebe yao na kulipwa fedha taslimu. Mzazi hufurahi kuona kwamba mwanawe ana nguvu na ana kipato. Lakini kati ya shamba na nyumbani kuna njia, na njiani kuna kilabu cha pombe, na nyuma ya kilabu kuna kijiwe, na kijiweni kuna mtu mwenye vifurushi vidogo vya karatasi. Kijana aliyechuma kwa siku nne hufika nyumbani na fedha za siku moja. Msimu wa kwanza twasema ni utoto. Msimu wa pili twasema ni marafiki wabaya. Msimu wa tatu twaanza kunong'ona kuwa amerogwa.

Somo la juma hili limeandikwa kwa ajili ya wazazi walio kati ya msimu wa pili na wa tatu, maana hao ndio bado wana nafasi kubwa, na hao ndio wenye haya kuliko wote. Tumechukua mfano wa Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa, lakini msomaji wa Bukoba au wa Moshi hatapata shida kuona kijiji chake humu.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe ni nini. Watu wengi wadhani kuwa mlevi ni mtu asiye na haya tu. Wengine wasema ni kazi ya adui wa ukoo. Na kila wazo huleta dawa yake. Anayedhaniwa kuwa hana haya hupigwa, kisha hufukuzwa nyumbani. Anayedhaniwa kuwa amerogwa hupelekwa kwa mganga, na mbuzi wauzwa, na magunia ya kahawa yauzwa, mpaka nyumba yabaki tupu na kijana yu vile vile. Fikira ya tatu huja mwisho, nayo ingepaswa kuja kwanza: kwamba huenda kijana huyu ni mgonjwa.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kuuweka ulevi wa namna hii katika orodha ya maradhi, nalo latoa alama tatu za kuutambua. Alama ya kwanza ni kwamba mtu hawezi tena kujitawala: aanzaye kwa kusema kikombe kimoja hawezi kukomea hapo, hata akiapa. Ya pili, kile kitu chatangulia mambo mengine yote, yaani shamba, chakula, mchumba, shule, sala, hata afya yake mwenyewe. Naye huendelea ingawa aona kwa macho yake hasara anayoipata. Ya tatu ni ya mwili: kiasi cha jana hakitoshi leo, na akikikosa hutetemeka, hukosa usingizi, hukasirika bure. Zikionekana mbili kati ya hizo kwa muda mrefu, hapo si ukaidi tena. Si kila kijana aliyeonja ulanzi kwenye arusi ni mgonjwa, tusiwatishe watu bure. Lakini mwenye alama hizo hataponywa kwa fimbo, kama vile homa ya malaria isivyoponywa kwa fimbo.

Je, yawezekanaje kitu alichokianza kwa hiari yake kikamfunga hata hiari yenyewe? Kwa hili Wamatengo hawana haja ya mfano kutoka mbali. Mvua inyeshapo juu ya mlima ulio wazi, maji hutafuta njia, na njia hiyo huchimbika kidogo. Mvua ya pili hufuata njia ile ile na kuichimba zaidi. Baada ya miaka michache pana korongo, na hapo kila tone liangukalo mlimani halina budi kushukia humo. Ndivyo ulivyo ubongo wa mtu. Ndani yake kuna sehemu inayompa furaha afanyapo jambo la kumhifadhi, kama kula akiwa na njaa au kukutana na ampendaye. Pombe na bangi huigusa sehemu hiyo kwa nguvu isiyo ya kawaida, bila jasho wala kungoja. Kila mara njia huchimbika. Mwishowe mambo mengine yaliyokuwa yakimfurahisha, mpira, ngoma ya lizombe, mazungumzo na wenzake, hayana ladha tena, na fikira zake zote zashukia korongo lile lile.

Tena, kijana si mzee mdogo. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ifanyayo kazi ya kupima mambo na kusema “ngoja kwanza”, haikomai mpaka mtu afikapo kama miaka 25. Udongo wake ungali laini. Ndiyo maana aanzaye akiwa na miaka 14 hushikwa upesi kuliko aanzaye akiwa na 30. Wataalamu wakadiria kwamba kati ya watu wanaovuta bangi, kama mmoja katika kila kumi hufungwa nayo. Lakini kati ya wale walioanza wakiwa vijana wadogo, ni kama mmoja katika kila sita.

Sasa tuseme wazi ni vitu gani. Katika nyanda za kusini pombe si mgeni. Kuna ulanzi utokao katika mianzi, kuna komoni, na kuna gongo iliyokatazwa na sheria lakini ijulikanayo na kila mtoto. Viroba, yaani pombe kali katika vifuko vya plastiki vilivyoweza kufichwa hata katika mfuko wa sare ya shule, vilipigwa marufuku na serikali tangu tarehe 1 Machi 2017, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini chupa ndogo zimeshika nafasi, na bei yake yaweza kulipwa na mchumaji wa kahawa. Gongo ina hatari nyingine ambayo mnywaji haioni wala haionji: pengine huchanganywa na spiriti ya viwandani iitwayo methanoli, nayo huua au hupofusha. Mwezi wa Mei 2014 nchini Kenya watu zaidi ya 60 walikufa kwa siku chache tu kwa kunywa pombe ya namna hiyo.

Hapa lazima tukiri jambo chungu. Katika vijiji vyetu mama wengi hupika pombe ili walipe sare na chakula cha watoto shuleni, maana kahawa hulipwa mara moja kwa mwaka na njaa huja kila siku. Ni rahisi mtu aketiye mezani mjini kuwalaumu. Hatuwalaumu, lakini twawaomba wapime jambo moja dogo, kwamba mtoto asiwe ndiye anayetumwa kupeleka kopo kwa wateja na kuonja kama imeiva. Na sisi wengine tusijifiche nyuma ya mama hao. Ni nani ajazaye kreti za bia katika sherehe ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto wa miaka kumi? Mtoto amevaa nguo nyeupe, na wajomba wamelala chini ya mwembe.

Twende sasa ziwani. Kutoka Lituhi, kupita Liuli hata Mbamba Bay, vijana huingia majini usiku na taa kuvua usipa. Kazi hiyo ni ngumu, upepo wa kusi ni mkali, na mawimbi ya Nyasa hayana huruma kwa mtumbwi. Wazee wa kazi huwaambia wageni kwamba pasipo kinywaji kikali mtu hawezi kustahimili baridi. Maneno haya yamewaua watu. Ni kweli kwamba anywaye huhisi joto, kwa sababu pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Lakini ndiyo sababu hiyo hiyo joto la mwilini latoka nje na kupotea upesi. Mtu ahisi joto huku mwili wake wapoa. Akianguka majini, mikono haimtii. Chai yenye sukari katika chupa na koti kavu vyafanya kazi ambayo pombe yajisifia bure.

Kuhusu bangi kuna udanganyifu wa namna nyingine. Vijana husema kuwa ni jani tu, limeota lenyewe, tena ng'ambo ya ziwa limeruhusiwa. Tuwajibu kwa ukweli wote, maana kijana akikukuta na uongo mmoja hatakusikiliza tena. Ni kweli kwamba Malawi ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda, kwa leseni. Haikuruhusu watu kuivuta kwa starehe. Na hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 yaikataza kabisa, kuilima, kuiuza, hata kukutwa nayo. Lakini polisi siyo hatari iliyo kubwa. Mwaka 1987 madaktari wa Sweden walitoa habari za vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, ambao walikuwa wamefuatwa kwa miaka 15. Wale waliosema kuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili, ule uitwao skizofrenia, mara sita kuliko wale wasiovuta kamwe. Uchunguzi mwingine uliofuata katika nchi mbalimbali umezidi kuonyesha kuwa uhusiano huo upo, hasa kwa aanzaye mapema na avutaye kila siku. Si kila mvutaji atakuwa mwendawazimu. Lakini mwenye mbegu ya ugonjwa huo katika ukoo wake achezea moto karibu na nyasi kavu, naye hajui kama mbegu hiyo anayo.

Basi mzazi akimwona mwanawe asikia sauti zisizokuwapo, au asema majirani wamepanga kumwua, au hukesha usiku akizunguka na kuzungumza peke yake, asingoje msimu mwingine. Huo ni ugonjwa wa akili, una dawa, na kadiri tiba inavyoanza mapema ndivyo matumaini yalivyo makubwa.

Tena kuna jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: pengine ugonjwa hutangulia na ulevi hufuata. Kijana amefiwa na baba, hakulia mbele ya watu kwa kuwa aliambiwa mwanamume halii. Au ameshindwa mtihani wa kidato cha nne, na wenzake wamekwenda. Au alitendwa jambo la aibu utotoni ambalo hajamwambia mtu. Moyo wake umekuwa mzito kila siku, usingizi hauji, hana hamu ya kitu. Huo ni ugonjwa uitwao sonona. Kisha siku moja aonja kitu, na kwa saa mbili uzito watoka. Je, ni ajabu akirudi kesho? Mtu huyu ukimwondolea chupa bila kuuliza habari za ule uzito, umemvua nguo penye baridi na kumwacha hapo. Kwa hiyo mwulizeni. Msimwulize mbele ya watu, wala siku amelewa. Ngojeni asubuhi akiwa na akili zake, mketi pamoja, pengine mkimenya mihogo au mkitengeneza wavu, maana macho yakiwa kazini ulimi hulegea. Semeni, “Mwanangu, nimeona umebadilika. Sikuiti mwizi wala mlevi. Nataka kujua unaumwa nini.” Kisha nyamazeni. Hili la kunyamaza ndilo lituvunjalo sisi wazazi. Na akisema kuwa ametamani kufa, msimkemee wala msimwache peke yake siku hiyo. Ondoeni sumu za shambani na kamba, mkampeleke kwa daktari.

Wengine watauliza, “Basi mwamwondolea dhambi?” Swali ni halali, na Kanisa limelijibu. Katekisimu katika namba 2290 na 2291 yasema bila kuficha kuwa ulevi ni kosa, kwamba matumizi ya dawa za kulevya ni kosa zito, na kwamba wanaozitengeneza na kuzieneza kwa siri hushirikiana na uovu. Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 1735, yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya hofu, mazoea, na mambo mengine ya nafsi na ya jamii. Kwa hiyo mambo yote mawili yasimama pamoja: auzaye kifurushi nyuma ya shule hatapata kivuli katika neno “ugonjwa”, na aliyekwisha kufungwa asitupwe kwa neno “dhambi”. Ugonjwa haumwondolei mgonjwa wajibu wake wote. Mwenye kifua kikuu hakuuchagua, lakini kumeza vidonge ni juu yake.

Sasa twafika mahali ambapo familia nyingi hukosea kwa mapenzi, nao wakosapo hapa mtu aweza kufa. Baba amechoka, akusanya wajomba, wamkamata kijana, wamfunga kamba au mnyororo katika chumba cha nyuma, wakisema atakaa humo mpaka ulevi umtoke. Sikilizeni. Mwili wa mtu aliyekunywa pombe nyingi kila siku kwa miezi na miaka umekwisha kujipanga kuishi nayo. Ikikatwa ghafla, kutetemeka na jasho huanza katika saa chache za kwanza. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na degedege kama la kifafa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu wengine huchanganyikiwa kabisa, huona wadudu ukutani, homa yapanda, moyo waenda mbio. Na hali hiyo ikikosa daktari huua. Jirani husema pepo wametoka kwa vita. Si pepo. Hospitalini kuna dawa ya kuutuliza mwili kwa siku kadhaa, kisha hupunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi huikosa na ambayo ukosefu wake huharibu kumbukumbu. Kwa hiyo mnywaji mkubwa asiachishwe nyumbani kwa nguvu. Mwenye bangi peke yake hawezi kufa kwa kuiacha. Atakosa usingizi, atakuwa mkali, atakosa hamu ya chakula kwa majuma mawili hivi, nayo yapita. Mnyororo haumfai yeye wala yule.

Juu ya heroini tuseme machache, maana ni ugonjwa wa miji na wa pwani kuliko wa milima ya Umatengo, ingawa vijana wetu huenda Dar es Salaam na kurudi. Kwa hiyo iko dawa iitwayo methadoni, inywewayo kila siku mbele ya mhudumu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye huduma ilifika mikoa mingine. Kwa watu wa kusini, kuna kituo cha Mbeya. Lakini methadoni si dawa ya pombe wala ya bangi. Twalisema kwa sababu kuna wazazi waliosafiri mbali bure.

Basi waende wapi? Waanzie hapo walipo. Zahanati ya kijiji huenda isiwe na mtaalamu wa akili, lakini ndiyo iandikayo barua ya kwanza, na barua hiyo hufungua milango. Kutoka hapo ni kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Wakazi wa milimani wana pia Hospitali ya Litembo ya jimbo la Mbinga. Wa ziwani upande wa Liuli wana hospitali ya Waanglikana, nayo haimwulizi mgonjwa dini yake. Mambo yakiwa makubwa kuna Peramiho na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa huko Songea, na barabara ya lami kutoka Mbamba Bay kupitia Mbinga imeifanya safari hiyo kuwa ya saa chache, si ya siku mbili kama zamani. Mwisho wa ngazi ni Mirembe, Dodoma, hospitali iliyopo tangu mwaka 1927. Jina hilo watu wamelifanya tusi. “Mpelekeni Mirembe!” husema, wakicheka. Kwa Waganda neno hilo maana yake ni amani, nami napenda kulikumbuka hivyo kila nisikiapo kicheko hicho. Waliokwenda huko wagonjwa na kurudi kulima kahawa zao ni wengi, ila hawatangazi.

Mwendapo, mchukueni mtu mmoja aliyeishi na kijana, ajuaye tangu lini alibadilika, anywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho ilikuwa lini, na kama amewahi kuanguka au kupewa dawa nyingine, hata za mitishamba. Msimfiche daktari habari za mganga. Msiogope kwamba daktari ataita polisi. Kazi yake ni kutibu, naye amefungwa na kiapo cha siri. Mkikosa nauli au fedha za matibabu, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina simu ya bure, namba 119, na kwa habari za watoto walio hatarini kuna namba 116. Zimo pia nchini nyumba za upataji nafuu, ambamo waraibu huishi pamoja kwa miezi kadhaa. Nyingine ni nzuri sana. Nyingine si nzuri, hivyo kabla ya kulipa ulizeni kama imesajiliwa, nani ni mtaalamu wake wa afya, na kama mzazi aruhusiwa kumwona mwanawe. Penye viboko, rudini naye.

Dawa za hospitali hata hivyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni watu. Wazee wa Umatengo walikuwa na sengu: jioni watu wa ukoo hukutana kwa babu, chakula cha kila nyumba huletwa hapo, wote wala pamoja, na baada ya kula mambo huzungumzwa, mkubwa kwa mdogo. Aliyekosa hakufukuzwa kwanza; alilishwa, kisha akaambiwa. Mtu aliyekuwa na dhiki alionekana upesi kwa kuwa hakula. Sehemu nyingi sengu imekufa, na kila nyumba yala kwa mlango uliofungwa, na kijana apata sengu yake kijiweni. Twashangaa nini basi? Kijiwe humkaribisha, humwita kwa jina, humgawia. Jumuiya ndogondogo zetu zaweza kufanya vivyo hivyo, zikikubali kuacha kumtaja kijana katika maombi ya hadhara kana kwamba ni habari ya redio.

Huko Akron, Marekani, mwaka 1935, mfanyabiashara mmoja na daktari mmoja, wote wawili walevi, waligundua kwamba mlevi husikia zaidi maneno ya mlevi mwenzake aliyeacha kuliko ya mtu ambaye hajaonja. Hapo ndipo vikundi vya Alcoholics Anonymous vilipoanza. Hospitali za siku zile hazikutaka kulaza walevi. Mwaka 1939 Sista Ignatia, mtawa wa Hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini humo, alimwandika mgonjwa mlevi kuwa ana maumivu ya tumbo na kumlaza katika chumba kidogo cha kupangia maua, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine pa siri. Baada yake walipita mikononi mwake maelfu. Padre au mwalimu wa dini asiyejua aanzie wapi aweza kuanza na chumba kimoja, vijana watatu, mtu mmoja aliyekwisha kuacha, na sharti moja: yasemwayo humu hayatoki nje.

Yuko na mwingine wa kukumbukwa. Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, akaanza kazi akiwa na miaka 12 katika nyumba ya kujaza chupa za mvinyo, na muda si muda akawa mlevi. Mshahara wake wote uliishia kilabuni. Siku moja yeye na wenzake waliiba hata fidla ya mwombaji wa njiani wakaiuza. Mwaka 1884, akiwa hana senti, alisimama mlangoni pa kilabu akingoja rafiki aliyekunywa fedha zake amnunulie. Wote walipita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kuwa ataweka nadhiri ya kuacha. Aliweka ya miezi mitatu tu, si ya maisha. Kisha akairudia, kisha akaiweka ya maisha, naye hakunywa tena kwa miaka 41 mpaka alipokufa mwaka 1925. Alimtafuta yule mwenye fidla kwa miaka mingi ili amlipe, asimpate. Na habari moja ndogo ya maisha yake yafaa sana kwa nchi ya kahawa: tangu alipoacha, hakupenda kutembea na fedha mfukoni.

Maana hatari kubwa ya kijana aliyerudi kutoka hospitali ni debe la kwanza. Karibu nusu ya walioacha, au zaidi, huteleza walau mara moja, kama vile wenye shinikizo la damu au pumu wanavyozidiwa tena wakiacha dawa. Akiteleza, msiseme kazi yote imepotea, wala msimrudishie kamba. Mrudisheni kwa daktari. Korongo halijazwi kwa siku moja. Wamatengo wayajua hayo, maana ngoro hazilizuii lile korongo kwa ukuta mmoja mkubwa. Wanaume hukata nyasi na kuzipanga, wanawake huchimba na kufunika, na mashimo madogo mengi, kila moja lapokea maji yake, mpaka mlima wote utulie. Kwake yeye mashimo hayo ni kazi ya asubuhi, mpira wa jioni, zamu ya kulisha nguruwe, safari ya kila mwezi ya kuchukua vidonge, mjomba apitaye bila sababu.

Na kabla kahawa haijaiva, kaeni naye mkubaliane, kwa hiari yake na si kwa amri, fedha za kuchuma atazipokea nani. Wengine huchagua mama, wengine shangazi, wengine huomba mwenye shamba awatumie kwa simu kwenda namba ya dada. Mkubaliane pia ni njia gani atakayopita akitoka shambani, na nani atatembea naye mpaka nyumbani.